Barazani Wete: Tarumbeta la Pili

Alasiri ya Jumatano iliyopita nilikuwa nimeketi barazani, kikombe cha kahawa ubavuni, alipofika mama mmoja wa mtaa wa pili. Tuliamkiana, tukaulizana hali za watoto na bei ya samaki, kisha akanyamaza, akawa anaikunja na kuikunjua ncha ya kanga yake. Mwishowe akasema, "Maalim, nimekuja kwa jambo la mwanangu. Anataka kumwacha mzee wake."

Mzee aliyemtaja si baba wa kijana. Baba alikwisha fariki zamani. Huyu ni fundi wa zumari, mtu wa shamba, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiitwa Chwale, Kangagani na kwingineko kila unapochezwa mchezo wa ng'ombe. Kijana alimfuata tangu ana umri wa miaka 12: akimbebea mkoba, akimtekea maji, akilala barazani kwake siku za michezo. Zumari amefundishwa na mzee yule, bila ya malipo na kwa subira nyingi. Hivi sasa pumzi za mzee zimepungua, na uwanjani ni kijana apulizaye sehemu kubwa, ingawa anayetajwa ni mzee na anayepokea fedha ni mzee. Tena kijana amejifunza tarumbeta la shaba. Bendi moja ya Unguja ilimsikia arusini, ikampelekea habari aende. Boti ni Alhamisi ijayo.

"Nimwambie nini, Maalim?" aliniuliza mama yule. "Akenda, watu watasema hana shukurani. Akibaki, atakaa nyuma ya mzee mpaka lini?"

Nilimwomba anisubiri hadi Jumapili, nikamwahidi kwamba jawabu langu atalisoma katika ukurasa huu. Na jawabu lenyewe ni habari za mpiga tarumbeta mmoja wa mji wa Chicago. Najua msomaji atauliza: Wete na Chicago wapi na wapi? Naomba anivumilie. Habari hizi zilianzia mbali, lakini zilifika hadi kwa watu wasemao Kiswahili, na hazikufika kwa heri tupu.

Neno jazi si geni kwetu. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932, Morogoro Jazz ikafuata mwaka 1944, NUTA Jazz mwaka 1964, na wazee wengi wa Wete watakwambia walivyokuwa wakizitega bendi hizo redioni usiku. Lakini muziki wao ulikuwa na damu ya Cuba zaidi kuliko ya Chicago. Santuri za Cuba ndizo zilizowafundisha vijana wetu kucheza na kupiga magitaa. Jazi yenyewe, ile ya asili, tulichukua jina lake kuliko sauti yake. Sauti yake ilikuwa ya matarumbeta.

Tarumbeta, kwa asiyelijua, ni bomba la shaba lililokunjwa, ambalo likinyooshwa hupata takriban mita moja na nusu. Lina vitufe vitatu tu. Zumari yetu ina ulimi mdogo wa kutetemeka mdomoni, lakini tarumbeta halina ulimi: midomo ya mpigaji ndiyo itetemekayo, na kwa vitufe vile vile vitatu, bila ya kuvigusa, aweza kutoa sauti ya chini au ya juu kwa kuikaza au kuilegeza midomo. Ndiyo maana mpiga tarumbeta huuchunga mdomo wake kama mvuvi anavyoichunga nyavu. Ukipasuka, kazi hana.

Mtu ninayemkusudia ni Louis Armstrong. Maisha yake yote alisema kuwa alizaliwa tarehe 4 Julai 1900, ambayo ni sikukuu ya taifa lao. Cheti cha ubatizo kilichopatikana baada ya kufa kwake kinaonyesha kuwa ni tarehe 4 Agosti 1901. Alizaliwa New Orleans, mji wa bandari wa kusini mwa Marekani, katika mtaa wa mafukara. Baba aliihama nyumba mtoto akiwa mchanga. Alipokuwa mdogo alisaidia katika mkokoteni wa makaa wa jamaa moja ya Kiyahudi iliyohamia kutoka Lithuania, na kwa masimulizi yake mwenyewe ni watu hao waliomkopesha fedha za kununulia koneti yake ya kwanza, ambayo ni tarumbeta fupi. Usiku wa kuamkia mwaka 1913 alifyatua bastola mtaani kushangilia mwaka mpya. Polisi wakamkamata, akapelekwa katika nyumba ya kuwarekebisha watoto weusi. Huko palikuwa na bendi, na mwalimu aliyeitwa Peter Davis akamweka ndani yake, mwisho akamfanya kiongozi wa watoto wenziwe.

Lakini aliyemlea hasa katika fani hii ni Joe Oliver, bingwa wa koneti wa mji ule, ambaye watu walimpa cheo cha "King", yaani Mfalme. Louis alikuwa akitumwa dukani na mke wa Oliver, na ujira wake ulikuwa ni kufundishwa. Oliver alimpa koneti yake kuukuu. Louis akamwita Papa Joe, na jina hilo hakuliacha hata alipokuwa yeye mwenyewe maarufu kuliko mzee wake.

Mwaka 1918 Oliver alihamia kaskazini, Chicago. Hakuwa peke yake. Katika miaka ile takriban watu weusi nusu milioni waliyakimbia mashamba na miji ya kusini, wakikimbia kunyongwa na makundi ya wazungu na kukimbilia mishahara ya viwanda na machinjio ya kaskazini. Watu waliotoka kuchuma pamba wakajikuta katika mtaa wa kusini wa Chicago, wana mshahara wa kila wiki mfukoni, na hawana pa kwenda Jumamosi usiku. Muziki ukawafuata. Asiyeifahamu safari ile ya watu hawezi kufahamu kwa nini jazi, iliyozaliwa kusini, ilipevuka katika miji baridi ya katikati ya Marekani.

Louis alibaki New Orleans, akakikalia kiti cha Oliver katika bendi aliyoiacha. Baadaye akaajiriwa katika meli za starehe za mto Mississippi, chini ya mpiga piano Fate Marable, zilizopanda na kushuka kutoka mji wa St. Louis. Marable alikuwa mkali. Ndani ya meli ile kijana aliyepiga kwa sikio alilazimishwa kusoma nota. Chuo cha muziki hakuingia, ila hicho.

Kiangazi cha mwaka 1922 ikaja simu ya maandishi kutoka Chicago. Papa Joe anamwita. Anataka tarumbeta la pili katika bendi yake. Tarehe 8 Agosti Louis akapanda treni, na mama yake akamfungia mkate wa samaki wa kula njiani, kwa kuwa watu weusi hawakuruhusiwa kula katika mabehewa ya chakula wala katika mahoteli mengi ya njiani. Usiku akafika katika ukumbi wa Lincoln Gardens. Amesimulia kwamba alisimama nje, akaisikia bendi ya Oliver ikivuma ndani, akaogopa kuingia.

Hapa ndipo penye jambo langu. Bendi za wakati ule zilikuwa na koneti moja. Oliver akaweka mbili, na wapigaji wa mji mzima, weusi kwa weupe, wakawa wanakuja kukaa mbele ili kugundua siri yao. Ghafla bendi nzima ingenyamaza, na hao wawili wangetoa pambo moja kwa sauti mbili, bila ya kutazamana na bila ya karatasi, kana kwamba pumzi ni moja. Siri yenyewe ni kwamba Oliver, katikati ya wimbo, alikuwa akidokeza kwa chini atakachopiga mbele, na Louis alikidaka akakitafutia sauti ya pili papo hapo. Mwanafunzi alikuwa amemsoma mwalimu wake kama mtu asomavyo barua ya nyumbani.

Tarehe 5 Aprili 1923 bendi ilikwenda Richmond, mji mdogo wa jimbo la Indiana, kuingiza sauti katika santuri za kampuni ya Gennett. Hizo ni miongoni mwa santuri za mwanzo kabisa za bendi ya watu weusi wa New Orleans. Chumba cha kurekodia kilikuwa ubavuni mwa reli. Treni ikipita, kazi inasimama. Indiana ya miaka ile ilikuwa ngome ya Ku Klux Klan, chama cha wabaguzi wavaao mashuka meupe, na kampuni ile ile iliwahi kutengeneza kwa malipo santuri za chama hicho. Mashine moja ikapiga chapa sauti ya mtu mweusi na sauti ya anayemtakia kifo! Biashara haina haya.

Maikrofoni zilikuwa hazijaanza kutumika katika kazi hiyo. Palikuwa na bomba moja kubwa lenye mdomo mpana, na wapigaji wote walijibanza mbele yake. Walipojaribu, sauti ya Louis ilimmeza Oliver. Basi wakamwambia arudi nyuma. Akarudi. Bado. Akarudi tena, mpaka akawa amesimama mbali na wenziwe, karibu na pembe ya chumba. Mpiga piano wa bendi, msichana aliyeitwa Lil Hardin, alisimulia baadaye kwamba alimtazama pale aliposimama peke yake, mnyonge, akatambua jambo ambalo mwenyewe Louis alikuwa hajalitambua au hakutaka kulitambua: ikiwa lazima mtu huyu asimamishwe mbali ili mkubwa wake asikike, basi yeye ndiye aliye mkubwa.

Lil alikuwa mwanamke msomi na hodari. Louis akamwoa mwezi Februari 1924. Lil hakumficha mumewe kwamba hakupenda kuwa mke wa tarumbeta la pili. Akamwambia pia maneno aliyoyasikia kutoka kwa Oliver mwenyewe, kuwa maadamu Louis yupo naye, hawezi kumpita. Tena palikuwa na ugomvi wa fedha. Wenzao kadhaa waliamini kuwa Oliver anazuia sehemu ya malipo yao, wakatoka kwa hasira. Louis hakutoka nao. Alisema Papa Joe ndiye aliyemtoa alikotoka. Miezi ikapita. Hatimaye, katikati ya mwaka 1924, akaondoka, kwa uzito, kwa kusukumwa na mkewe, akaenda New York katika bendi nyingine.

Alikosea? Nimelifikiri sana jambo hili tangu Jumatano. Mimi naona Oliver alikuwa na makosa mawili ambayo hayafanani. Kumweka nyuma chumbani Richmond halikuwa kosa. Bomba la kurekodia halikuwa na njia nyingine. Kumweka nyuma kwa makusudi ili asimpite, hilo ni kosa, na mwalimu anayelifanya hujila mwenyewe. Lakini nani kati yetu, akiona pumzi zake zinapungua, asingefanya vivyo hivyo?

Louis alirudi Chicago mwezi Novemba 1925, na tarehe 12 ya mwezi huo akaingia chumba cha kurekodia na kikundi chake mwenyewe cha watu watano, Lil akiwa kwenye piano. Kazi walizozifanya yeye na vikundi vyake mjini Chicago kuanzia hapo mpaka 1928 ndizo zilizougeuza muziki wa jazi duniani. Kabla yake wapigaji wote walikwenda pamoja, kila mmoja akisuka ukili wake katika mkeka mmoja. Yeye alionyesha kuwa mtu mmoja anaweza kutoka mbele, akaeleza habari nzima kwa pumzi yake, kisha akarudi kwa wenziwe. Tarehe 28 Juni 1928 alirekodi "West End Blues". Inaanza kwa tarumbeta peke yake, bila ya ngoma wala piano, kwa muda wa sekunde kumi na mbili hivi, na katika sekunde hizo mna mambo mengi kuliko katika nyimbo nzima za watu wengine. Aliyeutunga wimbo huo ni Joe Oliver.

Sasa nipite upesi juu ya miaka mingi. Louis akawa mashuhuri, na aliye mashuhuri hazikosi nzi. Vilabu vingi vya Chicago vilikuwa mikononi mwa majambazi wa pombe ya magendo, na mwaka 1931 mmoja wao alimwingilia katika chumba chake cha kubadilishia nguo akamwonyesha bastola, akimlazimisha kwenda kupiga mahali alipotakiwa. Kuanzia 1935 alijikabidhi kwa msimamizi aliyeitwa Joe Glaser, mtu wa Chicago vile vile, ambaye katika ujana wake alikuwa karibu na watu wa Al Capone. Glaser alimlinda, akamtafutia kazi, akamlipia kodi na madeni, na yeye akawa tajiri mkubwa kutokana na pumzi za mwenziwe. Mchumaji wa karafuu hulipwa kwa pishi, na anaiona pishi yake kwa macho. Mpiga muziki aghalabu haioni.

Mdomo nao ulimlipa kwa jeraha. Kwa kupiga sauti za juu usiku hadi usiku, misuli ya midomo yake ilichanika mara kwa mara, ikabaki na kovu ambalo laonekana wazi katika picha zake. Alisafiri na kidau cha marhamu. Kijana wetu wa Wete, anayetoka katika zumari kwenda katika shaba, hili alijue mapema: asioneshe ubingwa wa sauti za juu kila siku.

Wengi walimsema Louis kuwa anawachekea wazungu mno jukwaani. Mnamo mwezi Septemba 1957 gavana wa jimbo la Arkansas, Orval Faubus, alitumia askari kuwazuia watoto tisa weusi kuingia shule ya wazungu mjini Little Rock. Louis alikuwa Grand Forks, mji wa North Dakota, kwa ajili ya onyesho. Mwandishi mmoja kijana, Larry Lubenow, akaingia chumbani kwake kumhoji habari za muziki. Louis akafunguka kama mlango uliopigwa na upepo. Alisema Rais Eisenhower hana ushujaa na ni mtu wa nyuso mbili, akamtukana gavana kwa maneno ambayo gazeti halikuweza kuyachapa, na akasema safari ya Urusi ambayo serikali ilikuwa ikimpangia hatakwenda. Siku chache baadaye Eisenhower alipeleka jeshi kuwasindikiza watoto wale shuleni. Mtu aliyedhaniwa kuwa hana msimamo alikuwa amesema neno ambalo wasomi wengi hawakuthubutu kulisema.

Nalieleza hilo ili lifuatalo lisieleweke vibaya.

Mwishoni mwa mwaka 1960 serikali ya Marekani, pamoja na kampuni ya soda ya Pepsi-Cola, ilimpeleka Louis katika safari ndefu ya Afrika. Tarehe 28 Oktoba alifika Leopoldville, ambao sasa ni Kinshasa. Wakongo walimbeba juu ya kiti kama mfalme, ngoma mbele na nyuma, na uwanja ukajaa maelfu ya watu. Hakuna aliyeifurahia siku ile ambaye nitamlaumu. Lakini katika mji ule ule, katika nyumba iliyozungukwa na askari, alikuwamo Patrice Lumumba, Waziri Mkuu aliyechaguliwa na wananchi wake, amefungiwa.

Kutoka hapo safari yake ilimfikisha hadi Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi. Huko ni kwa ndugu zetu wa Kiswahili cha Katanga, wachimba shaba, ile shaba ambayo kwayo matarumbeta hutengenezwa. Katanga ilikuwa imejitenga tarehe 11 Julai 1960 chini ya Moise Tshombe, kwa msaada wa Wabelgiji na makampuni ya migodi. Serikali ya Marekani haikuitambua rasmi, kwa hiyo wakubwa wake hawakuweza kwenda huko waziwazi. Lakini kwenda kusikiliza tarumbeta nani atakataza? Mwanahistoria Susan Williams ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 2021 kwamba onyesho la Louis liliwapa kisingizio hicho balozi wa Marekani na Larry Devlin, mkuu wa shirika la ujasusi la CIA nchini Kongo, wakaonana na watu wa Tshombe. Devlin huyo huyo alikuwa amekula chakula cha usiku pamoja na Louis na mkewe, akijulikana kama mwanadiplomasia wa kawaida. Hapana dalili kwamba Louis alijua amekaa meza moja na nani, wala kwamba mtu huyo alikuwa akishughulika na mipango ya kumwondoa Lumumba duniani. Tarehe 17 Januari 1961 Lumumba aliletwa Katanga akiwa amefungwa, akauawa usiku karibu na mji ule ule wa Elisabethville.

Mwaka 2024 mtengeneza filamu wa Kibelgiji, Johan Grimonprez, aliyaweka mambo hayo pamoja katika filamu yake, "Soundtrack to a Coup d'Etat", tarumbeta upande huu na mauaji upande huu, na mtu akiitazama hukosa raha. Mimi nilikosa. Nilijiuliza kama watu wa Elisabethville waliopiga makofi mwezi Novemba walikumbuka makofi yao mwezi Januari. Louis mwenyewe aliporudi kwao alishirikiana na mpiga piano Dave Brubeck na mkewe Iola katika mchezo wa nyimbo uliofanya mzaha na serikali inayowatumia wapiga muziki kuwa mabalozi huku ikiwanyima haki nyumbani. Ulionyeshwa hadharani mwaka 1962. Huenda alikuwa amekwisha shuku. Alifariki New York tarehe 6 Julai 1971.

Basi, mama, ukiniuliza mimi, kumwacha mwalimu halikuwa jambo la hatari kubwa katika maisha ya mtu huyu. Hatari ilikuja kila alipopata mwenye kumshika mkono kutoka kwa mwalimu: mwenye klabu, msimamizi, serikali. Kwa hiyo kabla ya boti, kijana na aulize. Nani ameilipa nauli? Fedha za arusi zinagawiwa vipi, na nani anayeandika? Tarumbeta atakalopiga ni lake au la bendi? Akiugua mdomo, je? Maneno hayo yaandikwe katika karatasi na kutiwa saini, hata kama wenyewe wanasema wao ni ndugu. Ndugu wa kweli hakasirishwi na karatasi.

Na kuhusu mzee, nimalizie habari za Papa Joe, kwa kuwa nilimwacha njiani. Baada ya Louis kuondoka, bendi ya Oliver haikukaa sana. Ugonjwa wa fizi ukamng'oa meno, na tarumbeta bila ya meno halipigiki. Benki iliyoweka akiba yake ikafilisika. Akawa anazunguka miji ya kusini na bendi dhaifu katika basi bovu, mpaka alipokwama Savannah, jimbo la Georgia. Louis alifika mji huo mwaka 1937 na bendi yake kubwa. Kwa masimulizi yake, alimkuta Papa Joe sokoni, ana meza ndogo, anauza viazi na mboga. Akampa fedha zote alizokuwa nazo mfukoni, na wenziwe waliotoka New Orleans nao wakampa. Usiku ule, bendi ilipokuwa ikipiga, Louis alitupa jicho pembeni mwa jukwaa akamwona Oliver amesimama, amevaa nguo zake nzuri za zamani, kofia kichwani, anasikiliza. Mwezi Aprili 1938 Oliver alifariki huko Savannah. Kazi yake ya mwisho ilikuwa ya kufagia.

Louis hakuacha kumtaja. Mpaka uzeeni alikuwa akiwaambia waandishi kwamba bila ya Joe Oliver jazi isingekuwa kama ilivyo. Ila hayo alikuwa akiyasema katika magazeti, na Oliver alikuwa Savannah.

Mama, umeniambia kuwa zumari ya kwanza ambayo mzee alimpa mwanao bado imetundikwa ukutani kwenu. Boti ni Alhamisi. Jumatano haina mchezo wala arusi, na kutoka mjini hadi shambani kwa mzee ni mwendo wa saa moja kwa miguu. Mwambie aende mwenyewe, asitume mtu. Achukue na ile zumari, amuulize mzee kama aende nayo Unguja au amwachie.